Handel: Mtunzi aliyemshonea kila mwimbaji wimbo kwa kimo chake

KRISMASI na Pasaka zinapokaribia, walimu wa kwaya katika maeneo mengi ya Kisii na Nyamira hukumbana na ombi lile lile: waumini wanataka kusikia Haleluya ya Handel. Mwalimu wa mahali kama Sironga, Kaunti ya Nyamira, panapofahamika kwa shule yake ya upili ya wasichana, hana okestra. Ana nakala ya solfa, sauti za waimbaji wake, na pengine kinanda kimoja cha umeme.

Kigezo chake huwa ni rekodi ya kwaya kubwa ya Ulaya yenye tarumbeta na ngoma. Akijilinganisha nayo hufa moyo, akadhani kwamba kwaya yake ni kivuli tu cha kitu halisi kilicho kwingine. Hata hivyo, maisha ya mtunzi mwenyewe yanatoa funzo tofauti kabisa.

George Frideric Handel alizaliwa Februari 23, 1685 mjini Halle, Ujerumani, mwezi mmoja tu kabla ya mwenzake Johann Sebastian Bach. Babake alikuwa kinyozi na mpasuaji, kazi mbili zilizoandamana enzi hizo, naye alitaka mwanawe asomee sheria. Mzee huyo aliaga dunia mwaka wa 1697. Wakati huo kijana alikuwa amekwisha kufunzwa kinanda na utunzi na Friedrich Wilhelm Zachow, mpiga kinanda wa kanisa mjini humo.

Alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Halle mwaka wa 1702, lakini mwaka uliofuata alikuwa Hamburg akipiga fidla katika jumba la opera. Huko nusura apoteze maisha mwaka wa 1704, alipopigana kwa panga na rafiki yake, Johann Mattheson. Husimuliwa kwamba upanga ulivunjikia kwenye kifungo cha koti lake. Wawili hao walipatana baadaye.

Kati ya 1706 na 1710 aliishi Italia, na huko ndiko alikojifunza kuiandikia sauti ya binadamu. Opera yake, Agrippina, ilishangiliwa mno mjini Venice. Mji huo pia ulikuwa na makao ya mayatima ya Pietà, alikofundisha Antonio Vivaldi. Kwaya ya makao hayo ilikuwa ya wasichana na wanawake peke yao, nao waliimba sauti zote, hata zile ambazo kwingineko ziliachiwa wanaume. Mwalimu wa shule ya wasichana asiye na mwimbaji hata mmoja wa besi hana budi kulikumbuka hilo.

Handel aliiteka London mwaka wa 1711 kwa opera ya Rinaldo. Mwaka wa 1717 muziki wake ulipigwa juu ya mashua katika mto Thames, Mfalme George wa Kwanza akasikiliza na kuagiza urudiwe. Mwaka wa 1727 alipata uraia wa Uingereza na kutunga wimbo wa kutawazwa kwa George wa Pili. Wimbo huo umeimbwa katika kila hafla ya kumtawaza mfalme au malkia wa nchi hiyo tangu hapo, ikiwemo ile ya Charles wa Tatu mnamo Mei 2023.

Lakini aliyejaliwa sana naye hupatikana na dhiki. Kufikia miaka ya 1730 Waingereza walianza kuzichoka opera za Kiitaliano, na kampuni mbili zilikuwa zikigombania watazamaji wale wale. Mwaka wa 1737 Handel alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza kwa muda. Alipopata nafuu aligeukia oratorio: masimulizi, mengi yakiwa ya Biblia, yaliyoimbwa kwa Kiingereza bila mavazi ya jukwaani wala maigizo.

Mwaka wa 1741, kuanzia Agosti 22 hadi Septemba 14, alitunga Messiah kwa maneno yaliyoteuliwa kutoka Biblia na Charles Jennens. Kazi hiyo iliimbwa mara ya kwanza hadharani mjini Dublin, Ireland, Aprili 13, 1742. Waliohudhuria walikuwa takriban 700, na wanawake waliombwa wasivae magauni mapana ili nafasi itoshe. Fedha zilizopatikana zilizisaidia hospitali mbili na kuwakomboa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni.

Kwaya ya siku hiyo haikuwa ya mamia. Ilikuwa na wanaume na wavulana wapatao 30 kutoka makanisa makuu mawili ya Dublin. Miongoni mwa waimbaji wa peke yao alikuwemo Susannah Cibber, mwigizaji ambaye hakuwa na sauti kubwa. Handel hakumfukuza. Alimfundisha kwa subira na kuzirekebisha nyimbo ziafiki koo lake.

Huo ndio uliokuwa mtindo wake hadi mwisho. Mwaka wa 1750 alipompata Gaetano Guadagni, Mwitaliano mwenye sauti ya ajabu, aliuandika upya wimbo mmoja wa Messiah ili kipaji hicho kionekane. Kila msimu alitazama aliokuwa nao, kisha akakata na kushona. Ndiyo maana hakuna Messiah moja iliyo asilia kuliko nyingine zote.

Mwaka huo wa 1750 alianza kuiongoza Messiah kila mwaka kuchangia makao ya watoto waliotupwa mjini London. Hata hivyo, mkarimu huyo alikuwa na upande ambao Mwafrika hawezi kuufumbia macho. Watafiti wa karne hii wameonyesha kutokana na hati za kale kwamba aliwahi kumiliki hisa katika kampuni mbili zilizofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika, ile ya Bahari ya Kusini na ile ya Kifalme ya Afrika. Mkono uliochangia ukombozi wa wafungwa wa Dublin ulikuwa umegusa pia fedha hizo. Anayeimba Haleluya leo ana haki ya kuyajua yote mawili.

Macho yalianza kumfifia mwaka wa 1751, na muda si muda akawa kipofu. Aliaga dunia Aprili 14, 1759, siku nane baada ya kuhudhuria Messiah kwa mara ya mwisho, akazikwa Westminster Abbey. Hakuwa ameoa.

Baada ya kifo chake, wengine walichukua mkasi. Mwaka wa 1784 zaidi ya watu 500 waliimba na kupiga ala katika maadhimisho yake jijini London. Mwaka wa 1789 Mozart aliongeza ala za kupuliza. Katika karne ya 19 Waingereza walikusanya waimbaji kwa maelfu.

Rekodi nazo zimefuata njia hizo mbili. Ile ya Thomas Beecham ya mwaka wa 1959 ina okestra kubwa na matoazi yanayovuma. Ile ya Christopher Hogwood ya mwaka wa 1980 ilirudia Messiah ya 1754: kwaya ndogo yenye wavulana, fidla za nyuzi za utumbo, na mwendo mwepesi. Mwaka wa 1992 wanamuziki weusi wa Marekani waliipa midundo yao wenyewe.

Wanaoupenda mtindo wa Hogwood hutilia mkazo besi inayotembea chini ya wimbo bila kukoma. Sikio la Mgusii halihitaji kufundishwa sana jambo hilo, maana obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, limekuwa likimshikilia mwimbaji kwa mngurumo wa chini tangu jadi.

Kuna jambo jingine la kumfaa mwalimu wa kwaya. Chuma cha kupimia sauti kinachohusishwa na Handel, cha mwaka wa 1751, hutoa noti ya la kwa mitetemo 422.5 kwa sekunde, ilhali vinanda vya leo hutumia 440. Tofauti hiyo inakaribia nusu toni. Soprano wanaokunja nyuso katika Haleluya, pale wanapopanda ngazi kwa ngazi huku wenzao wakiwajibu, wanaimba juu zaidi ya kiwango cha chuma hicho.

Kwa hivyo, kwaya isiyo na okestra ikiamua kuanza wimbo chini kidogo, haijaupunguzia hadhi. Imeufikisha karibu na pale ulipokuwa masikioni mwa mwenyewe.