Max von Stephanitz, kapteni aliyempa mbwa mchungaji kazi mpya

Wasikilizaji wengi mmewahi kuona askari na mbwa wao kwenye maonyesho. Mbwa anaruka, anang'ata mkono uliovikwa gunia nene na kuuvuta hadi aamriwe kuachia. Wengi huona ukali mtupu. Kwa sehemu kubwa, kilichomfundisha ni mchezo wa kuvutana, na habari yake inatupeleka kwa Mjerumani mmoja.

Max von Stephanitz alizaliwa Dresden tarehe 30 Desemba 1864, akawa ofisa wa kikosi cha wapanda farasi. Aliwahi kutumikia katika chuo cha tiba ya mifugo Berlin, na huko alijifunza mengi kuhusu maumbile ya wanyama. Lakini waliomvutia zaidi ni mbwa wa wachungaji wa kondoo. Sehemu nyingi za Ujerumani mashamba hayakuwa na uzio. Mbwa alishinda akipita kwenye mpaka wa malisho na mazao, huku na huko, yeye mwenyewe akiwa ndio uzio. Kondoo mkaidi alibanwa kwa meno kisha akaachiwa, bila jeraha. Wafugaji na wakulima mnaotusoma, hebu fikirieni ni kesi ngapi zingeishia hapo!

Tarehe 3 Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, Stephanitz alimwona mbwa aliyeitwa Hektor Linksrhein. Alimnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath. Tarehe 22 mwezi huohuo yeye na wenzake walianzisha chama cha wafugaji wa aina hiyo, na Horand akaandikwa namba moja kwenye daftari. Ndio mbwa tunaowaita leo German Shepherd.

Tatizo likaja upesi. Viwanda viliongezeka, kondoo wakapungua, na mbwa asiye na kazi hugeuka pambo. Stephanitz hakulitaka hilo. Aliwashawishi polisi wamchukue, na chama chake kikaweka mitihani ya kunusa nyayo, utii na ulinzi.

Kwenye ulinzi ndipo kuvutana kunapoingia. Mbwa mchanga huanzishiwa kitambaa cha gunia. Mwalimu anakitikisa chini kama panya anayekimbia, mbwa anakikamata, wanavutana, kisha mwalimu anamwachia ashinde na kukibeba. Siku zikienda, kitambaa kinakuwa mkono wa bandia. Zawadi ya mbwa ni ule ushindi wenyewe. Anatumia shingo, mgongo na miguu ya nyuma, na dakika chache tu humtoa jasho mwalimu pia. Kuachia nako hufundishwa humohumo: mwalimu anatuliza mikono, kitambaa hakichezi tena, na mbwa akiachia tu mchezo unaanza upya. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye kazi kubwa, maana mbwa anayejua kung'ata bila kujua kuachia ni hatari kwa mwenyewe. Ukijaribu nyumbani, kamba nene ya katani inatosha. Ishike chini, usimnyanyue mbwa, na mtoto wa mbwa anayebadilisha meno usimvute kwa nguvu.

Vita Kuu ya Kwanza ilimfanya mbwa huyu ajulikane duniani. Waingereza walimpenda ila hawakutaka kutaja Ujerumani, wakamwita Alsatian. Bei ilipanda, watu wakazalisha kwa ajili ya kuuza, na Stephanitz akaona mbwa wakizidi kuwa wakubwa, warefu wa miguu na wenye tabia mbovu. Mwaka 1925 bingwa aliyechaguliwa alikuwa Klodo vom Boxberg, mbwa mfupi kuliko wale waliokuwa wakipendwa. Ilikuwa njia ya kuwaambia wafugaji warudi nyuma.

Chama alichokiongoza kwa zaidi ya miaka 30 hakikubaki mikononi mwake. Wanazi walipotawala, wafuasi wao ndani ya chama walimwandama kwa vitisho, hata vya kupelekwa kambini. Mwaka 1935 aliachia uongozi. Alifariki tarehe 22 Aprili 1936, siku ambayo chama kilitimiza miaka 37.