Mwenyeheri Anuarite, Mwalimu na Mpishi wa Bafwabaka

Kila mwaka, tarehe 1 Desemba, Kanisa linamkumbuka Mwenyeheri Maria Clementina Anuarite Nengapeta, bikira na shahidi wa Kongo. Usiku wake wa mwisho tunausimulia mara nyingi. Leo tuzitazame pia siku zake za kawaida, kwa kuwa ndizo zilizomwandaa kwa usiku ule.

Alizaliwa Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1939, akaitwa Nengapeta. Alipoandikishwa shuleni, mtawa aliyeshika daftari alichanganya jina lake na la dada yake, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Anuarite. Wazazi wake walijaliwa mabinti sita. Baba, kwa kukosa mtoto wa kiume, alimwacha mama yao na kuoa mwanamke mwingine. Jambo hilo lilimchoma moyo Anuarite, lakini alimsamehe baba yake. Hivyo somo la kusamehe alilianza nyumbani, akiwa bado mdogo.

Mama yake hakuwa tayari kumwona akienda utawani. Siku moja lori lilifika kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda Bafwabaka kujiunga na Masista wa Jamaa Takatifu. Anuarite akapanda pamoja nao bila kuaga. Hatimaye mama akaridhia, na binti yake alipoweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959, wazazi waliwatolea masista zawadi ya mbuzi wawili.

Bafwabaka ilikuwa misioni ya msituni, mbali na miji. Mahali pa namna hiyo, jumuiya ya watawa huishi kwa mikono yake yenyewe. Kengele ya alfajiri huwaita kanisani kwa sala na Misa, kisha kila mmoja hushika zamu yake hadi sala ya jioni. Sista Anuarite alipitia kazi nyingi: alifundisha shule ya msingi, alisimamia bweni la wasichana, alitunza sakristia, na alipika. Tunajua kazi hizi zinadai nini. Mpishi huamka wenzake wakiwa wamelala, na chakula kikichelewa ndiye anayelaumiwa. Mlezi wa bweni hana usiku wa kuuita wake, maana mtoto mwenye homa hasubiri mapambazuko. Msakristia hufua na kupanga vitambaa vya altare, na waamini hawamwoni.

Wenzake walimfahamu kama sista aliyependa kusaidia bila kuombwa, asiyependa uvivu wala kazi iliyoachwa nusu. Walimfahamu pia kuwa mwepesi wa kuumizwa moyo. Tusilifiche hilo. Watu wanaokula pamoja, kusali pamoja na kufanya kazi pamoja mwaka mzima hukwaruzana, na mwenye moyo mwepesi huumia zaidi. Ndani ya maisha hayo Anuarite aliendelea kujifunza kutoa na kusamehe.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea katika eneo hilo. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista kwenye lori wakidai kuwapeleka Wamba kwa usalama wao. Njiani safari ikageuzwa, wakafikishwa Isiro. Huko kanali mmoja wa waasi alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa katakata, na mama mkuu wake akasimama upande wake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kanali mwingine alijaribu kumwingiza kwa nguvu ndani ya gari. Alipoendelea kukataa alipigwa vikali, na katikati ya mapigo akamwambia mtesaji wake kwamba anamsamehe. Akachomwa visu, akapigwa risasi, akafa. Hakuwa ametimiza miaka 25.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri mbele ya wazazi wake. Siku hiyo Papa naye, kwa jina la Kanisa, alimsamehe muuaji.

Ndugu wapendwa, sisi huenda hatutaombwa damu yetu. Lakini kila siku tunaombwa uvumilivu jikoni, darasani, kwenye kwaya na katika jumuiya ndogo ndogo. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa: tunanuniana kwa sababu ya zamu ya usafi, tunaacha kusalimiana kwa neno moja lililosemwa kikaoni, kisha tunajidhania kuwa tungeweza kumsamehe adui mwenye silaha. Anayeahirisha msamaha mdogo hawezi kuwa na hakika kwamba ule mkubwa utapatikana siku atakapouhitaji. Basi kabla ya sikukuu ya Mwenyeheri huyu, kila mmoja wetu amtafute yule aliyenuniana naye, amtangulie kwa salamu.

Mwenyeheri Anuarite, utuombee.