Samuel Morse na Ufupi wa Habari

Katika somo lililopita uliona jinsi umeme unavyoweza kulifanya pande la chuma liwe sumaku. Ulizungushia msumari waya, ukaunganisha ncha za waya na betri, na msumari ukavuta pini. Ulipoutenga waya na betri, pini zilianguka. Sasa utasoma maisha ya mtu aliyeitumia sumaku ya namna hiyo kupeleka habari mbali. Zaidi ya hayo, mtu huyo na wenzake walitambua jambo moja ambalo linatusaidia hata leo: kitu kinachotajwa mara nyingi kipewe alama fupi, na kitu kinachotajwa kwa nadra kipewe alama ndefu.

Kwanza fikiri juu ya umbali. Tuseme wewe unakaa Mbeya na dada yako anakaa Iringa. Kwa barabara inayopita Makambako na Mafinga, mwendo huo ni zaidi ya kilomita 300. Kabla ya kuwako waya wa simu, barua ya kwenda huko ilichukuliwa na tarishi kwa miguu, siku baada ya siku. Mgonjwa aliyetajwa katika barua aliweza kupona au kufa kabla barua haijasomwa. Habari ilitembea kwa mwendo wa miguu ya mtu.

Utoto na masomo

Samuel Morse alizaliwa tarehe 27 Aprili 1791 katika mji wa Charlestown, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na pia aliandika vitabu vya jiografia. Samuel alisoma katika Chuo cha Yale, akamaliza mwaka 1810. Huko alisikiliza mafundisho ya umeme, lakini moyo wake ulipenda zaidi uchoraji. Mwaka 1811 alikwenda Uingereza kujifunza kazi hiyo, akarudi kwao mwaka 1815. Alioa mwaka 1818, akajipatia riziki kwa kuchora sura za watu. Basi usidhani kwamba alianza maisha akiwa mwanasayansi. Alikuwa fundi wa rangi na brashi.

Barua iliyochelewa

Mwanzoni mwa mwaka 1825 Morse alikuwa Washington, mji mkuu wa Marekani. Alikuwa amepewa kazi ya kumchora Lafayette, jemadari Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru. Mke wake, Lucretia, alibaki New Haven pamoja na watoto. Umbali kati ya miji hiyo ni kama kilomita 480, karibu sawa na kutoka Iringa hadi Dar es Salaam.

Lucretia alikuwa amejifungua mtoto wa tatu wiki chache tu zilizopita. Tarehe 7 Februari alifariki ghafula. Baba yake Morse aliandika barua, na barua hiyo ikasafiri kwa gari la kukokotwa na farasi. Wakati ilipokuwa njiani, Morse alikuwa bado akimwandikia mkewe barua za furaha, asijue kwamba mkewe hayuko tena duniani. Alipopata habari aliondoka upesi. Hata alipofika New Haven, mkewe alikuwa amekwisha zikwa.

Tafakari jambo hilo. Hakuna aliyefanya uzembe. Farasi walikwenda mbio walivyoweza, na watu walifanya wajibu wao. Ila habari ilikuwa haina njia ya kwenda upesi kuliko farasi.

Wazo lililopatikana baharini

Miaka 7 ikapita. Mwaka 1832 Morse alikuwa akirudi Marekani kutoka Ufaransa kwa meli iitwayo Sully. Ndani ya meli alimkuta Charles Jackson, mtu aliyekuwa na maarifa ya umeme. Jackson aliwaeleza abiria kwamba umeme hupita upesi mno katika waya, hata uwe mrefu. Ndipo Morse alipofikiri kwamba, ikiwa umeme unaweza kuonekana mwishoni mwa waya, unaweza pia kubeba habari. Kabla ya kushuka melini alikuwa amechora michoro ya chombo chake katika daftari.

Kutengeneza chombo hicho hakukuwa kazi nyepesi. Morse alifundisha uchoraji katika Chuo Kikuu cha New York, na fedha zake zilikuwa chache. Chombo cha kwanza alikiunda kwa fremu ya kuwambia kitambaa cha kuchorea. Umeme wake ulichoka upesi kabla ya kufika mbali. Mwalimu mwenzake, Leonard Gale, alimwonyesha njia ya kuuongeza nguvu, akifuata majaribio ya mwanasayansi Joseph Henry. Mwaka 1837 kijana mmoja fundi wa mitambo, Alfred Vail, alijiunga naye, na chombo kikatengenezwa upya kwa chuma. Mwaka huo huo Cooke na Wheatstone wa Uingereza nao walikuwa wakiunda telegrafu yao. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya sayansi ni kazi ya wengi.

Alama fupi na alama ndefu

Sasa zingatia sana sehemu hii. Waya hauwezi kusema. Unaweza tu kuwa na umeme au kutokuwa nao. Habari ya mtu itapitaje humo?

Kwanza Morse alitunga kitabu ambamo kila neno lilipewa namba. Mpelekaji alituma namba, na mpokeaji alifungua kitabu chake kutafuta neno. Njia hii ilichosha, tena kila kituo kililazimika kuwa na kitabu kikubwa.

Baadaye Morse na Vail walizipa herufi zenyewe alama. Umeme ukipita kidogo, ni nukta. Ukipita kwa muda mrefu zaidi, ni kistari. Lakini herufi ipi ipewe nukta moja tu, na ipi ipewe alama nyingi? Jibu lilipatikana kwa wapiga chapa. Siku hizo kila herufi ya gazeti ilikuwa kipande kidogo cha madini, na mpiga chapa aliweka akiba ya vipande katika visanduku. Kisanduku cha herufi E kilikuwa na vipande vingi, kwa sababu E hutumika sana katika Kiingereza. Vipande vya Q na Z vilikuwa vichache. Basi E ikapewa nukta moja, na T kistari kimoja. Herufi za nadra zikapewa alama ndefu. Kwa njia hiyo habari nzima ilikuwa fupi, ingawa baadhi ya herufi zake zilikuwa ndefu.

Alama zinazotumika duniani leo zilirekebishwa baadaye huko Ujerumani. Katika alama hizo, kistari huchukua muda wa nukta 3. Kati ya alama za herufi moja kuna kimya cha nukta 1, na kati ya herufi na herufi kimya cha nukta 3. A ni nukta na kistari, na B ni kistari na nukta 3. Hesabu mwenyewe: A huchukua muda wa nukta 5, na B muda wa nukta 9. Neno BABA huchukua 9 + 3 + 5 + 3 + 9 + 3 + 5, yaani 37.

Je, alama hizo zinakifaa Kiswahili? Fungua ukurasa wowote wa kitabu hiki uhesabu herufi. Utaona kwamba A inazizidi herufi nyingine zote, na Q huioni kabisa. Kama Morse angalizaliwa Kalenga au Tukuyu, na kuhesabu herufi za Kiswahili, nukta moja angeipa A. Hapo neno BABA lingechukua 29 badala ya 37. Kumbe ufupi wa habari hutegemea ni kitu gani kinachorudiwa katika habari yenyewe. Ndiyo maana hesabu hutangulia.

Waya wa kwanza

Mwaka 1843 Bunge la Marekani lilimpa Morse dola 30,000 za kujenga waya kutoka Washington hadi Baltimore. Umbali huo ni kama kilomita 60, pungufu kidogo ya mwendo wa kutoka Mbeya hadi Tukuyu. Mafundi walianza kwa kuuzika waya ardhini ndani ya bomba, lakini umeme ulivuja na kazi ikaharibika. Wakautundika juu ya nguzo, na mambo yakaenda vema. Tarehe 24 Mei 1844 Morse alipeleka kutoka Washington maneno machache ya Biblia, na Vail akayapokea Baltimore papo hapo.

Telegrafu ilienea duniani. Mwaka 1879 waya uliopita chini ya bahari uliifikia Zanzibar. Hata neno letu simu asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kwa miaka mingi watu wa Iringa na Mbeya walikwenda posta kupeleka simu ya maandishi. Malipo yalihesabiwa kwa maneno, kwa hiyo kila mtu alijifunza kubana habari. Mtu hakuandika kwamba anawasalimu wote na kuwaarifu kuwa mama ameugua tangu juzi. Aliandika maneno matatu: mama mgonjwa njoo.

Morse alifariki New York tarehe 2 Aprili 1872, akiwa na umri wa miaka 80. Yafaa ujue pia kwamba alikuwa na kosa kubwa: aliandika maandishi ya kuutetea utumwa wa watu weusi, hata katika mwaka 1863 nchi yake ilipokuwa vitani kwa ajili ya jambo hilo. Akili ya kuunda vyombo si sawa na haki moyoni. Tunajifunza kazi yake njema, na tunaukataa utetezi wake wa utumwa.

Kubana habari siku hizi

Kompyuta na simu za mkononi nazo hutumia alama mbili tu, 0 na 1. Mwaka 1952 Mmarekani David Huffman alitangaza njia ya hesabu ya kupata alama fupi kuliko zote kwa herufi zinazorudiwa sana. Wazo ni lile lile la visanduku vya mpiga chapa. Njia yake imo hata ndani ya picha za aina ya JPEG, ambazo kanuni zake zilikubaliwa mwaka 1992.

Picha katika simu ni nukta nyingi za rangi. Ukipiga picha ya Mlima Rungwe siku isiyo na mawingu, nukta nyingi za juu ni za buluu. Badala ya kuandika buluu mara 40, chombo kinaweza kuandika 40 na buluu, basi. Video nayo ni picha nyingi zinazofuatana upesi, mara nyingi 25 kwa sekunde moja. Tuseme treni ya TAZARA inapita, na nyuma yake uko Mlima Loleza. Treni inakwenda, lakini mlima umetulia. Chombo huuandika mlima mara moja, kisha huandika mabadiliko tu.

Kuna kubana kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza hakuna kinachopotea, na habari ikifunguliwa hurudi kama ilivyokuwa. Namna ya pili hutupa vitu vidogo ambavyo jicho au sikio halivitambui kwa urahisi, na vilivyotupwa havirudi. Picha na nyimbo huvumilia namna ya pili. Barua na hesabu za fedha hazivumilii. Ukiondoa silabi moja katika neno usije, utabaki na uje, na ndugu yako atasafiri bure usiku kucha. Kufupisha ni kwema, lakini maana isipotee.

Jaribio

Chukua karatasi yenye safu 8 za miraba, kila safu iwe na miraba 8. Paka baadhi ya miraba rangi nyeusi ili ufanye picha ya nyumba. Sasa iandike kila safu kwa ufupi, kwa mfano: 3 nyeupe, 2 nyeusi, 3 nyeupe. Mpe mwenzako maandishi hayo bila kumwonyesha picha, naye aichore. Kisha paka picha nyingine ambayo nyeupe na nyeusi zinapokezana kila mraba, uiandike vivyo hivyo. Utaona kwamba safari hii maandishi hayakufupika. Pasipo na marudio, hakuna cha kubana.

Maswali

1. Kwa nini Morse hakuwahi mazishi ya mkewe?
2. Eleza kwa nini herufi E ilipewa nukta moja.
3. Hesabu kila herufi katika maneno MBEYA NA IRINGA. Ni ipi inayotokea mara nyingi zaidi?
4. Taja habari moja ambayo haifai kubanwa kwa namna ya pili. Eleza sababu.
5. Andika habari ya maneno 20 kwa ndugu aliye mbali. Kisha ifupishe iwe maneno 5, bila kupoteza maana.