Sholem Asch na Wasomaji Waliomkana

Sholem Asch alizaliwa mwaka 1880 katika mji wa Kutno, Poland, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya himaya ya Urusi. Alipata elimu ya dini ya Kiyahudi. Kijerumani alijifunza mwenyewe kwa kusoma tafsiri ya Zaburi. Ujanani, mjini Włocławek, alipata riziki kwa kuwaandikia barua watu wasiojua kuandika. Kwa maoni yangu, hakuna chuo ambacho kingemfundisha siri za mioyo ya watu kuliko kazi hiyo. Huko Warsaw, mwandishi I. L. Peretz alimshauri aache Kiebrania, aandike kwa Kiyidishi, lugha ya nyumbani na sokoni ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki.

Mabishano hayakuwa mageni kwake. Mwaka 1923 wachezaji wa tamthilia yake iitwayo Mungu wa Kisasi, ambamo gombo la Torati huwekwa katika nyumba ya mwenye danguro, walitiwa hatiani mjini New York kwa kosa la uchafu wa maadili. Lakini hayo yalikuwa manyunyu tu.

Masika yalifika mwaka 1939, alipotoa The Nazarene, riwaya juu ya maisha ya Yesu. Gazeti la Forverts, lililochapa hadithi zake kwa miaka mingi, liliikataa, na mhariri wake, Abraham Cahan, akaandika kitabu kizima cha kumpinga. Riwaya hiyo ikatoka kwa Kiingereza kabla ya kutoka kwa lugha iliyoandikiwa.

Mwanachuo atakayesimulia habari hizi darasani asianze kwa kuuliza nani alikuwa na haki. Aandike kwanza mwaka huo ubaoni, kisha awaulize wanafunzi ni jambo gani lililokuwa likiwapata Wayahudi wa Ulaya. Watu hao, ambao babu zao waliteswa kwa karne nyingi na waliojiita wafuasi wa Yesu, walimwona Asch kama mtu aliyewafungulia adui mlango. Asch, ambaye hakuacha dini yake, alikusudia kuonyesha kwamba Yesu alikuwa Myahudi miongoni mwa Wayahudi, na kwamba dini hizo mbili ni matawi ya shina moja.

Hakurudi nyuma. Mwaka 1943 alitoa kitabu juu ya Mtume Paulo, na mwaka 1949 kingine juu ya Mariamu. Wasomaji wa Kiingereza walivinunua kwa wingi, hali wengi wa wasomaji wake wa awali walimpa kisogo. Miaka ya mwisho alihamia Bat Yam, Israeli, na akafariki London mwaka 1957. Nyumba yake ya Bat Yam ilifanywa makumbusho.