IBN AL-HAYTHAM NA PAZIA LA HEWA

Ndugu zetu wa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanapoutafuta mwezi mwandamo hutazama magharibi, na mara nyingi hukuta ukungu na mvuke umetanda. Tulipowazuru tulimsikia mmoja akishuhudia kuwa ameuona, na wa pili akimkadhibisha. Kabla ya kukadhibishana, na tuyatazame maisha ya mwanachuoni aliyeichunguza hewa yenyewe.

Huyo ni Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 354 wa Hijra (965). Al-Hakim, mtawala wa Misri, alimwita aje kuyatawala maji ya Mto Nile, ambao ndio yanakoishia maji ya mito ya Busia na Malaba. Alipofika karibu na Aswan aliona jambo hilo haliwezekani, akakiri. Inapokewa kwamba kwa kuihofia ghadhabu ya al-Hakim alijitia wazimu, akafungiwa nyumbani hata mtawala huyo alipotoweka mwaka 411 (1021). Kisha alikaa karibu na msikiti wa Azhar, riziki yake ni kunakili vitabu, hata akafariki yapata mwaka 430 (1040).

Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kina juzuu saba. Katika ya mwisho ameeleza kuipima nyota moja mara mbili, inapochomoza na inapokaribia utosi, na kuwa umbali wake na ncha ya mbingu hauonekani sawa. Nyota haikuhama, ni nuru yake iliyopindika ilipoingia hewani. Wala hakutosheka na dhana, bali aliijaribu nuru katika maji na vioo. Baada yake Kamal al-Din al-Farisi alijaza maji katika tufe la kioo, likawa mfano wa tone la mvua, akaufafanua upinde wa mvua.

Njia hiyo haijafa. Wanafalaki wa leo wanaonasa mawimbi yasiyofika milimita moja wamepanda jangwa la Atacama, Chile, yapata mita 5,000 juu ya bahari, kwani mvuke wa maji huyameza mawimbi hayo. Nao huunda mfano wa hewa kwa hesabu za kompyuta, wajue pazia hilo limeficha kiasi gani.

Basi, ndugu zetu, asiyeuona mwezi asiharakie kumwita mwenziwe mwongo, na aliyeuona asichukie kuulizwa hali ya hewa. Ibn al-Haytham hakuona haya kukiri mbele ya Nile. Nasi tusione haya kukiri udhaifu wa macho yetu.