Dennis Ritchie: Jamaa aliyetuachia C, struct na sizeof

KAMA unasomea kompyuta Egerton kule Njoro au pale Kabarak, ukiingia kwa lugha ya C utakutana na neno sizeof. Kazi yake ni moja tu: kukuambia data yako inakula baiti ngapi za memori. Aliyeunda lugha hiyo ni Dennis Ritchie.

Alizaliwa Septemba 9, 1941, Bronxville, jimbo la New York, Marekani. Babake alikuwa mwanasayansi wa Bell Labs. Dennis alisomea fizikia Harvard, na mwaka wa 1967 akafuata nyayo za mzee hadi Bell Labs.

Mwaka wa 1969 mwenzake, Ken Thompson, alianza kuunda Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta. Baadaye walitumia lugha ya B, iliyopea kila data nafasi sawa, iwe herufi moja au namba kubwa. Kompyuta mpya, PDP-11, ilihesabu memori kwa baiti, na B ikalemewa. Ritchie akaongeza aina za data, char na int, na kufikia 1972 lugha hiyo ikawa C.

Thompson alijaribu kuandika Unix upya kwa C mwaka huo, akakwama. Kilichokosekana ni struct, yaani kifurushi kinachobeba data za aina tofauti pamoja. Ritchie alipoiongeza, kazi iliiva mwaka wa 1973.

Lakini struct ina ujanja wake. Weka char moja ya gredi, kisha int moja ya alama. Char ni baiti 1, na int kwa kompyuta nyingi za leo ni 4. Kwa kichwa utasema 5. Sizeof itakwambia 8!

Fikiria basi la Nakuru kwenda Eldoret, lenye viti vinne kila safu. Abiria mmoja amekaa safu ya kwanza. Familia ya watu wanne inataka kukaa pamoja, kwa hivyo inaenda safu ya pili. Viti vitatu vinabaki wazi, lakini basi limetumia safu mbili. Int nayo hupenda kuanza mwanzo wa safu.

Ukiomba baiti 5 badala ya 8, programu inaweza kuandika juu ya data ya wenyewe na hata kuzima ghafla. Usijumlishe kwa kichwa, uliza sizeof.

Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu cha C mwaka wa 1978. Mwaka wa 1983 yeye na Thompson walipata Tuzo ya Turing.

Alipatikana amefariki nyumbani kwake New Jersey Oktoba 12, 2011, akiwa na miaka 70. Steve Jobs alikuwa amefariki wiki moja tu kabla, na dunia nzima ikamlilia. Ritchie aliondoka kimyakimya. Lakini ukishika simu ya Android leo, kiini chake ni Linux, na sehemu kubwa ya Linux imeandikwa kwa C.