Sokrates

Sokrates (takriban 470 KK – 399 KK) alikuwa mwanafalsafa wa Athens katika Ugiriki ya Kale. Hakuandika kitabu chochote. Habari zake zinajulikana hasa kupitia wanafunzi wake Plato na Xenophon, ambao mara nyingine hawapatani. Pamoja na mafundisho yake juu ya uadilifu, anakumbukwa kwa kukataa kutenda aliloliona ovu hata alipotishiwa kifo.

Maisha

Baba yake, Sophroniskos, alikuwa mchonga mawe, na mama yake, Phainarete, mkunga. Mke wake aliitwa Xanthippe, nao walikuwa na wana watatu. Alizoea kutembea pekupeku na kuwahoji watu sokoni kuhusu maana ya haki au ushujaa, bila kudai malipo. Waheshimiwa waliokwama mbele ya maswali yake hawakumpenda.

Alipigana kama askari wa miguu huko Potidaia, Delion na Amphipolis. Jeshi la Athens liliposhindwa Delion mwaka 424 KK, yeye alirudi nyuma kwa utulivu huku wengine wakikimbia ovyo. Hata hivyo, mashujaa wa vitani walikuwa wengi Ugiriki; aliyoyafanya mjini ni adimu zaidi.

Kesi ya majemadari

Mwaka 406 KK Athens ilishinda vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusai, lakini kwa sababu ya dhoruba mabaharia wa merikebu zilizovunjika hawakuokolewa. Wananchi wenye hasira walitaka majemadari wahukumiwe wote kwa kura moja, kinyume cha sheria iliyompa kila mshtakiwa haki ya kesi yake mwenyewe. Wakati huo Sokrates alikuwa mmoja wa wajumbe wa baraza waliosimamia mkutano. Umati ulipopiga kelele na kutishia kuwashtaki wajumbe pia, wenzake walilegea. Yeye peke yake alishikilia sheria. Hakufaulu: majemadari sita waliokuwa mjini waliuawa. Baadaye wananchi walijuta.

Miaka miwili baadaye, Athens iliposhindwa na Sparta, mji ulitawaliwa na watu thelathini wakatili. Walimwagiza Sokrates na wengine wanne wamkamate Leon wa Salamis ili auawe. Wanne walikwenda kumleta. Sokrates alirudi nyumbani kwake. Huenda angeuawa kama utawala huo haungeanguka upesi.

Hukumu na kifo

Mwaka 399 KK, chini ya demokrasia iliyorudishwa, Meletos, Anytos na Lykon walimshtaki kwamba haheshimu miungu ya mji na anapotosha vijana. Alihukumiwa na raia wapatao 500. Kadiri ya Plato, kama kura 30 tu zingehama, angeachiliwa. Alipotakiwa kupendekeza adhabu yake, alidai kwanza kwamba anastahili kulishwa kwa gharama ya mji, na bila shaka jambo hilo liliwaudhi waliokuwa bado wanasitasita.

Utekelezaji wa hukumu ulicheleweshwa hadi merikebu ya ibada irudi kutoka kisiwa cha Delos. Wakati huo rafiki yake Kriton alikuwa tayari kugharamia kutoroka kwake. Sokrates alikataa: aliona kwamba mtu aliyeishi chini ya sheria za mji miaka 70 hawezi kuzivunja kwa sababu tu zimemgeukia. Merikebu iliporudi, alikunywa sumu ya mmea mbele ya rafiki zake. Plato hakuwepo, kwa kuwa alikuwa mgonjwa.